Namba za Vifungu Zisichapwe kwa Mkono

Ndugu makatibu wa vyama vya ushirika na vikundi vya mialo, ndugu wahazini, wanafunzi mliotoka vyuo vya Malimbe na Nyegezi, na nyinyi wenye steshenari ambako nyaraka zetu nyingi huchapwa: mwangaluka.

Leo tunashughulika na namba zinazotangulia sura, vifungu na aya katika nyaraka tunazoandika kwa kompyuta. Mtu anaweza kuliona jambo dogo. Lakini masharti ya SACCOS, yaani kanuni za chama cha akiba na mikopo, hayanukuliwi kwa ukurasa, hunukuliwa kwa kifungu. Mjumbe akisimama kwenye mkutano mkuu akasema kamati imekiuka kifungu cha 14(2)(b), ukumbi mzima unafungua hapo. Wakikuta habari za viingilio badala ya ukomo wa mikopo, hoja inaanguka hata kama mjumbe ana haki. BMU ya mwalo, yaani kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ikimwita mvuvi kujibu tuhuma kwa kifungu ambacho namba yake ilihama wakati wa kuchapa, shauri limeingia dosari kabla halijasikilizwa. Na tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, hatuna tena sababu ya kuacha nyaraka za Kiswahili zikiwa na mpangilio duni kuliko za Kiingereza.

Kabla ya kugusa kompyuta, chukueni karatasi. Andikeni ngazi za waraka wenu kuanzia juu kwenda chini, na mbele ya kila ngazi mjibu swali hili: namba ya ngazi hii inaanza upya lini? Wachapaji wengi hulipita swali hilo, na ndilo linalozaa nusu ya matatizo yote.

Tazameni Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Ina sura, na ndani ya sura mna ibara. Ibara hazianzi upya kila sura inapoanza. Zinakwenda moja kwa moja kutoka ya 1 hadi ya 152, kwa hiyo ukisema Ibara ya 18 huhitaji kutaja sura. Ndani ya ibara ndipo ibara ndogo huanza upya na (1), na ndani yake aya huanza upya na (a). Masharti ya vyama na katiba za vikundi hufuata mkondo huohuo: Sehemu, kifungu, kifungu kidogo, aya, aya ndogo. Ripoti ya utafiti wa chuo ni umbo jingine kabisa. Humo 1.1 na 1.2 hufuatwa na 2.1 sura inapobadilika, maana namba ya sura imo ndani ya namba ya kichwa kidogo. Ukichanganya maumbo haya mawili, kompyuta itatii ulichoiambia na waraka utaharibika.

Sasa tuingie kwenye programu. Nitatumia Microsoft Word kwa sababu ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi, kisha nitagusa LibreOffice Writer. Majina ya vitufe nitayataja kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Kwanza jueni mmeketi mbele ya waraka wa namna gani. Bofya juu ya namba yoyote. Ikigeuka kuwa na kivuli cha kijivu na usiweze kuingia kati ya tarakimu, hiyo ni namba inayotolewa na programu. Kishale kikiingia kati ya 1 na 4 kama kwenye neno la kawaida, hiyo imechapwa kwa mkono. Waraka mbaya kuliko wote ni ule wenye aina zote mbili, na hupatikana kirahisi: ukichapa 1 na nukta, kisha nafasi, Word huigeuza palepale kuwa orodha bila kukuuliza. Mchapaji hushtuka, hubonyeza Ctrl+Z, huendelea kwa mkono, kisha kurasa mbili mbele husahau na kuiacha Word iigeuze. Zuieni tabia hiyo kabla ya kuanza: File, kisha Options, Proofing, AutoCorrect Options, ukurasa wa AutoFormat As You Type, ondoa alama ya tiki kwenye Automatic numbered lists.

Msingi wa kazi yote ni huu: namba haifungwi kwenye maneno, hufungwa kwenye mtindo wa paragrafu, yaani mpangilio wenye jina ambao paragrafu hupewa. Ukiiambia Word kwamba kila paragrafu yenye mtindo wa kifungu ipewe namba ya ngazi fulani, basi kuongeza kifungu katikati ya waraka ni kuandika paragrafu na kuipa mtindo. Namba zote zinazofuata zinasogea zenyewe. Ndiyo maana mitindo huundwa kwanza na namba baadaye. Wanaoanza na namba hujikuta wanazitengeneza mara tatu.

Kwa masharti ya chama, tumieni Heading 1 kwa Sehemu na Heading 2 kwa kichwa cha kifungu, kisha undeni mitindo mitatu yenu wenyewe: Kifungu kidogo, Aya, na Aya ndogo. Fungua dirisha la mitindo kwa Ctrl+Alt+Shift+S, bofya kitufe cha mtindo mpya kilicho chini yake, andika jina, chagua Normal kuwa mtindo wa msingi. Kwa nini tusitumie Heading 3, 4 na 5? Kwa sababu kifungu kidogo katika masharti ni sentensi nzima, wakati mwingine mistari minne. Jedwali la yaliyomo kwa kawaida huchukua Heading 1 hadi 3, kwa hiyo ukitumia Heading 3 kwa kifungu kidogo, yaliyomo yako yatajaa sentensi ndefu na kuwa waraka wa pili.

Mitindo ikiwa tayari, weka kishale kwenye kifungu cha kwanza. Katika ukurasa wa Home bofya kitufe cha Multilevel List, kile chenye mistari inayoingia ndani hatua kwa hatua. Chini kabisa ya menyu utaona Define New Multilevel List na Define New List Style. Chagua ya pili. Hii inakupa orodha yenye jina, na jina ndilo litakalokuwezesha kurudi mwezi ujao na kurekebisha mahali pamoja. Andika jina, mathalani Namba za Masharti, bofya Format kushoto chini, chagua Numbering. Kidirisha kikifunguka bofya More upande wa chini. Usipofanya hivyo nusu ya mipangilio inabaki imefichwa.

Upande wa kushoto utaona ngazi 1 hadi 9. Bofya 1. Kulia, kwenye Link level to style, chagua Heading 2. Bofya ngazi ya 2 uiunganishe na Kifungu kidogo, ya 3 na Aya, ya 4 na Aya ndogo. Mmeona kwamba Sehemu haimo. Hilo ni la makusudi, na nalitetea. Vifungu vikiwa ngazi ya kwanza ya orodha yao, haviwezi kuanza upya Sehemu inapobadilika, kwa sababu hakuna ngazi iliyo juu yao. Zaidi ya hapo, Word haina hesabu ya kwanza, ya pili, ya tatu kwa Kiswahili. Ina namba za Kirumi na maneno ya Kiingereza. Masharti yana Sehemu chache, hivyo SEHEMU YA KWANZA iandikwe kwa maneno ndani ya kichwa chenyewe na madhara hayapo. Wapo wanaoweka Sehemu kuwa ngazi ya 1 na kifungu ngazi ya 2, kisha wakaondoa tiki ya Restart list after kwenye ngazi ya 2. Kuhesabu kutakuwa sahihi. Shida itajitokeza kwenye marejeo, nami nitaifikia.

Sasa kile kisanduku kinachoitwa Enter formatting for number. Hapa ndipo watu wengi hukwama. Ndani yake utaona tarakimu yenye kivuli. Kivuli kinasema kwamba tarakimu hiyo ni hai, programu ndiyo inayoijaza. Unaruhusiwa kuizungushia mabano, kuweka nukta, hata neno mbele yake. Huruhusiwi kuifuta ukachapa 1 yako, maana 1 yako haina uhai na kila kifungu kitasomeka 1 hadi mwisho wa waraka. Ikifutika kwa bahati mbaya, futa kila kitu kwenye kisanduku, kisha uijenge upya: chagua aina ya tarakimu kwenye Number style for this level, na ile yenye kivuli itarudi. Kwa masharti yetu, ngazi ya 1 ni tarakimu tupu bila nukta. Ngazi ya 2 ni tarakimu ndani ya mabano. Ngazi ya 3 ni herufi ndogo ndani ya mabano, na ya 4 ni Kirumi kidogo ndani ya mabano. Katika kila ngazi ya 2 hadi 4 hakikisha Restart list after imewekewa tiki na inataja ngazi iliyo juu yake moja kwa moja. Aya ikija chini ya kifungu kisicho na vifungu vidogo haitapotea, kwa sababu kuanza upya hutokea pia ngazi yoyote ya juu zaidi inapopita.

Neno moja kuhusu herufi. Word hufuata abjadi ya Kiingereza, hivyo baada ya p inakuja q na baada ya w inakuja x, na ikipita z inarudi na aa, bb. Orodha ya sifa za kiongozi ikifika huko, tatizo si la programu. Igaweni orodha hiyo katika vifungu vidogo viwili.

Nafasi kutoka ukingoni hupangwa humohumo kwenye kidirisha, kamwe si kwa rula iliyo juu ya ukurasa. Ukivuta rula unabadilisha paragrafu moja tu, na kesho utakuwa na waraka ambao vifungu vyake havilingani na hujui kwa nini. Vipimo vinavyofaa kwa maandishi ya pointi 12: kifungu kiwe na Aligned at 0 na Text indent at sentimita 1.25, kifungu kidogo 1.25 na 2.25, aya 2.25 na 3.25. Aya ndogo ina Kirumi, na upana wa (i) na (viii) hautoshani, kwa hiyo ipangwe kulia: kwenye Number alignment chagua Right, Aligned at iwe 4 na Text indent at 4.25. Ikiwa Word yako inaonyesha inchi, andika cm baada ya tarakimu na itapokea. Follow number with iwe Tab. Namba ikizidi nafasi uliyoipa, maneno yake huruka hadi kituo cha tabu kinachofuata, na hapo ndipo mnapoona kifungu cha 10 kimejitenga mbali na wenzake wa 1 hadi 9. Dawa ni kuongeza Text indent at ya ngazi ile. Msiongeze wala kupunguza nafasi kwa kibodi.

Ukibofya OK mara mbili, kazi ya kuunda imekwisha. Kuanzia hapo Ctrl+Alt+1 inakupa Sehemu na Ctrl+Alt+2 inakupa kichwa cha kifungu. Ukiwa kwenye kifungu kidogo, Alt+Shift na mshale wa kulia vinakushusha kwenye aya, na mshale wa kushoto vinakupandisha.

Kwa wanafunzi, ripoti inahitaji mabadiliko machache. Ngazi ya 1 iungane na Heading 1, ya 2 na Heading 2, ya 3 na Heading 3, na tiki za kuanza upya ziachwe zilivyo. Ngazi ya 2 huundwa kwa mfuatano maalumu: safisha kisanduku, nenda Include level number from uchague Level 1, chapa nukta, kisha chagua aina ya tarakimu ya ngazi yenyewe. Mfuatano huo ukigeuzwa, namba zinatoka kinyume. Text indent at ya ngazi ya 3 iwe sentimita 2, ili hata 10.10.10 itoshee. Chuo kikitaka sura iandikwe kwa Kirumi, au kwa neno la Kiingereza kama ilivyo kwenye tasnifu za lugha hiyo, vichwa vidogo vitatoka II.1 badala ya 2.1. Msihangaike kuchapa. Nenda kwenye ngazi ya 2 na ya 3, weka tiki kwenye Legal style numbering, na tarakimu zote za ngazi hizo zitageuka kuwa za kawaida huku sura ikibaki na Kirumi chake. Dibaji na shukrani hazina namba. Ziundieni mtindo wa pekee unaofanana na Heading 1 kwa mwonekano, na mkumbuke kuutaja kwenye Options za jedwali la yaliyomo.

Nyaraka za zamani zilizochapwa kwa mkono zina kazi yake. Nakili maneno yote, yabandike kwenye waraka mpya kwa chaguo la Keep Text Only, kisha zipe paragrafu mitindo, moja baada ya nyingine. Ukibandika kwa njia ya kawaida, unaingiza pia orodha na mitindo ya waraka wa zamani, nazo zitagombana na zako. Namba zilizochapwa zinafutika upesi ukishikilia Alt huku ukivuta mausi kutoka juu kwenda chini, maana hapo unachagua safu ya wima badala ya mistari mizima. Fanyeni hivyo kabla ya kuzipa paragrafu mitindo, wakati namba bado zimejipanga pembezoni.

Hitilafu moja huwachanganya hata wazoefu: namba inatoka nene au nyekundu ilhali maneno yake ni ya kawaida. Namba huchukua mwonekano wa alama ya mwisho wa paragrafu, ile isiyoonekana. Bonyeza Ctrl+Shift+8 ionekane, ichague yenyewe tu, kisha Ctrl na kibao cha nafasi. Ikiwa ni paragrafu iliyovutwa na rula, Ctrl+Q huirudisha kwenye mpangilio wa mtindo wake.

Sasa marejeo. Waraka wa masharti umejaa maneno kama kwa mujibu wa kifungu cha 14(2)(b). Namba hiyo ikichapwa kwa mkono, itabaki 14 hata pale kifungu chenyewe kitakapokuwa cha 15. Badala yake nenda References, bofya Cross-reference, kwenye Reference type chagua Numbered item, na kwenye Insert reference to chagua Paragraph number (full context). Hili la mwisho hukusanya namba za ngazi zote zilizo juu ya aya uliyoilenga. Ndiyo sababu tuliiacha Sehemu nje ya orodha, isije ikajiingiza mbele ya kifungu, na ndiyo sababu tulikiacha kifungu bila nukta, rejeo litoke 14(2)(b) likiwa safi. Marejeo hayajisahihishi wakati unaandika. Kabla ya kuchapisha bonyeza Ctrl+A, kisha F9. Ukikuta maneno yanayoanza na Error! Reference source not found, aya iliyolengwa imefutwa, na hapo mwandishi lazima aamue upya sentensi hiyo inaelekeza wapi. Tafuteni neno Error katika waraka wote kabla ya kuupeleka kwa Mrajisi. Linapenya kwenye nyaraka nyingi kuliko inavyostahili.

Wenye LibreOffice Writer, kanuni ni ileile. Vichwa vya ripoti hupangwa kwenye Tools, Heading Numbering, ambayo kwenye matoleo ya nyuma iliitwa Chapter Numbering. Kinachofanya kazi ya Include level number from huko kinaitwa Show sublevels. Kwa masharti, undeni mtindo wa orodha wa pekee kwa vifungu na ngazi zake, muuweke kwenye ukurasa wa Outline & List wa kila mtindo wa paragrafu. Waraka ukisafiri kati ya programu hizi mbili, nafasi za ngazi huweza kusogea, hivyo ukaguliwe upya upande wa pili. Steshenari wapelekeeni PDF ya kuchapisha, na faili ya docx ibaki kwa katibu.

Limebaki suala la marekebisho, na hapa mwelekeo unageuka. Yote niliyosema ni ya waraka unaoandaliwa. Masharti yakishapitishwa na kusajiliwa, namba zimekwisha kunukuliwa kwenye mihutasari, mikataba ya mikopo na barua. Ukiingiza kifungu kipya katikati na kuiacha Word isogeze vingine, unavunja nukuu hizo zote. Watunga sheria hutumia herufi: katika Katiba yetu, Ibara ya 107A na 107B ziliingia bila kuihamisha Ibara ya 108. Fanyeni vivyo hivyo. Undeni mtindo unaotokana na Heading 2 lakini usio na namba, wenye nafasi ileile ya sentimita 1.25, kisha chapeni 12A kwa mkono na kubonyeza tabu. Kwa namba za vifungu, hapa pekee ndipo mkono unaruhusiwa. Kwa kuwa Word haikioni 12A katika hesabu yake, kifungu kidogo cha kwanza chini yake kitaendeleza kutoka cha 12, pengine kikaanza na (4). Bofya kulia juu ya namba hiyo uchague Restart at 1. Na kwa sababu 12A haimo kwenye orodha ya Numbered item, ichague kwa mausi, nenda Insert, Bookmark, ipe jina lisilo na nafasi kama K12A, kisha rejeo lake ulitafute chini ya Bookmark. Kifungu kikifutwa, kichwa chake kibaki na maneno Kimefutwa, ili namba yake isichukuliwe na kinachofuata.

Kompyuta ziko wazi mbele yenu na masharti ya mfano yamo ndani. Anzeni na kuzima Automatic numbered lists. Tutapita kukagua meza kwa meza.